Waliniambia Mfuko Unaoza, Nikauzika Nione

Kuna neno limeanza kunikera: "inaoza". Utalipata kwa kikombe cha kahawa, kwa kijiko cha mbao, kwa kontena ya pilau, limeandikwa kwa kijani na pembeni wamechora kajani. Kajani kakishachorwa hapo, watu wanaacha kuuliza maswali. Na mimi kazi yangu ni kuuliza maswali kuhusu chakula cha kibanda, kwa hivyo nikauliza, na kuuliza huko kukanikosesha elfu ishirini na tano.

Wacha nieleze. Mapema mwaka huu kampuni fulani (jina siweki, msianze kubahatisha) ilinitumia ujumbe. Wanauza vifuko vya chakula, vyembamba, vya kuona ndani, "asilimia 100 vinaoza". Walitaka video mbili: moja nikiweka chips moto ndani, nyingine nikitupa kifuko kwa udongo nikitabasamu. Malipo 25,000. Kwa mtu ambaye aliacha kemia ya viwanda mwaka wa pili kwa sababu karo ilikwama na haikukwamuka, hiyo ni kodi ya nyumba miezi miwili na chenji inabaki.

Na haikuwa biashara yangu peke yangu. Mathe ana kibanda cha chips huku Umoja. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Kenya, mathe amekuwa akiogopa. Sheria inasema faini kati ya milioni 2 na milioni 4, ama jela mwaka mmoja hadi minne, ama vyote viwili. Mtu anauza chips za hamsini bob! Lakini kuna mteja anataka chips na sosi, na sosi kwa khaki inavuja, na kuna jamaa hupita jioni akiwa na vile vifuko vyembamba chini ya koti kama anauza bangi. Wauzaji wengi wa mtaa huishi hapo katikati. Mkate wa dukani nao bado umefungwa kwa plastiki, na hiyo ni halali, kwa sababu pakiti za kiwandani zilipewa ruhusa. Mathe aliniuliza juzi tu kwa nini plastiki ya kiwanda haina dhambi na yake ina dhambi. Sikuwa na jibu la kumpa mwanamke ambaye mikono yake ina mafuta ya moto.

(Halafu sisi watu wa Nairobi tunaitaga mfuko wa plastiki "karatasi". Marufuku ilikuja, tukaambiwa tutumie karatasi, nusu ya soko ikauliza, si ndiyo hiyo mmekataza?)

Kwa hivyo mathe aliposikia kuna kifuko cha kuona ndani, kinachozuia sosi, na kinaoza, alifurahi kuniliko. Aliniambia, "Waulize wananiuzia mia ngapi kwa pakiti."

Mimi nikawauliza kitu kingine kwanza. Inaoza wapi? Kwa muda gani? Kwa joto gani? Yule wa mauzo akajibu, "Inaoza kiasili, boss." Nikaomba cheti. Akanitumia picha ya kajani.

Hapa miaka yangu miwili ya chuo ilinisaidia kidogo. Kila kitu kinaoza ukikipa muda, hata gari. Ndiyo maana wenzetu wa Ulaya wana kipimo kinaitwa EN 13432. Kwa ufupi, ukitaka kuandika kwamba pakiti yako inageuka mboji, lazima angalau asilimia 90 ya kaboni yake igeuke hewa ya ukaa ndani ya miezi 6, na ukiipepeta baada ya wiki 12, kwa chekeche ya milimita 2 kibaki kitu kidogo sana. Lakini soma vizuri: hiyo ni mboji ya kiwandani. Yaani lundo kubwa linalogeuzwa na mashine, lenye unyevu unaopimwa, na joto karibu nyuzi 58. Si shimo nyuma ya ploti yenu.

Mfano rahisi ni PLA. Hii ni plastiki inayotengenezwa kwa sukari ya mahindi au miwa: vijidudu vinachachusha sukari inakuwa asidi ya laktiki, ileile ya maziwa mala, halafu asidi inaunganishwa mnyororo mrefu. Ni kitu kizuri enyewe. Kinang'aa kama plastiki ya kawaida. Lakini PLA hulegea ikifika karibu nyuzi 60, na ni hapohapo karibu na joto hilo ndipo inaanza kuvunjika kwa kasi. Fikiria hiyo kitu. Ukiweka chai moto, kikombe kinalegea mkononi. Ukikitupa kwa mtaro wa Umoja, ambako joto la mchana ni nyuzi 25 siku ya jua, kinakaa pale kigumu miaka. Inashindwa na chai, halafu inashinda udongo.

Basi nikaamua kuzika. Nilichukua beseni tatu za mathe zilizopasuka. Ya kwanza nikajaza udongo wa pale tunapanda sukuma, nikawa naumwagilia kila baada ya siku mbili. Ya pili maji tu, ya mtaro, na ndiyo, ilinuka. Ya tatu ilikuwa bila udongo wala maji, nikaiweka juu ya mabati ipate jua lote. Kwa kila beseni niliweka vitu vinne vya ukubwa wa kiganja: kile kifuko chao, kipande cha khaki, kipande cha gazeti, na kipande cha plastiki ya wanga niliyopika mwenyewe.

Hiyo ya wanga unaweza kupika leo, si siri. Chukua wanga wa mahindi, ule unga mweupe wa kukazia supu, kijiko kikubwa kimoja. Maji vijiko vikubwa vinne. Kijiko kidogo cha siki, na kijiko kidogo cha glisirini, ileile mlipakwa miguuni mkiwa wadogo mkang'aa mpaka shule. Koroga kwa moto mdogo hadi igeuke uji mzito unaopitisha mwanga, mwaga juu ya sinia, sambaza nyembamba, acha siku mbili. Utabandua kitu kinachofanana kabisa na nailoni laini. Ile siki inakata matawi ya wanga ili nyuzi zijipange vizuri, na glisirini inakaa katikati ya nyuzi isiwe kavu ya kupasuka. Mara ya kwanza nilipobandua nilipiga nduru, majirani wakadhani nimeshinda beti.

Siku sitini. Ile ya wanga kwa udongo sikuipata hata baada ya wiki mbili, imeliwa. Kwa maji iliyeyuka ikawa ute. Gazeti kwa udongo lilikuwa limebaki vijikamba. Khaki ilikuwa na mashimo na ukungu, inakatika ukiishika. Kifuko cha kampuni kwa udongo: kilisuguliwa, kikaoshwa, nikakiona maandishi yote, hadi namba yao ya simu. Kwa maji vilevile.

Kule juu ya mabati ndiko kulikuwa na jambo. Khaki ilikaa salama, kavu, maana bila unyevu hakuna kinachooza. Lakini kifuko kilikuwa kimepauka, na nilipokigusa kikavunjika vipande vidogo kama magamba ya samaki. Upepo ukavipeleka kwa nyanya za jirani. Nilivyoona vile nilijua ninachokitazama kinafanana sana na plastiki ya kawaida iliyotiwa chumvi za metali ili jua liipasue haraka. Watu wa fani huiita oksodigredabo. Haiozi. Inasambaratika. Ulikuwa na takataka moja unayoweza kuiokota kwa mkono, sasa una takataka elfu moja zinazoliwa na kuku. Umoja wa Ulaya uliikataza kwa sheria ya 2019, ikaanza kufanya kazi Julai 2021. Sina maabara ya kuthibitisha kifuko kile kimetiwa nini ndani, kwa hivyo nilichofanya ni kutuma picha zote kwa yule wa mauzo na kumwambia nitaposti jaribio zima, na yeye awe huru kuleta cheti. Hakuleta cheti. Dili likafa kwa ujumbe wa mstari mmoja.

Mathe hakunipigia makofi. Aliuliza, "Sasa ulitaka niwekee watu sosi kwa nini, kwa viganja?" Na huyo ndiye mtu ambaye watu wa "okoa mazingira" huwa hawamjibu. Wanamwambia aache. Hawamwambii ashike nini.

Kwa hivyo nilirudi kwa swali lenyewe, kwa nini ni ngumu hivi kutengeneza kitu cha kubebea chips kisichobaki milele. Chips moto zina maadui wawili, mafuta na mvuke, na kinachoshangaza ni kwamba mafuta si ndiyo shida kubwa. Wanga unazuia mafuta vizuri sana. Weka tone la mafuta juu ya ile plastiki ya wanga, linakaa hapo linakuangalia. Mvuke ndio unaua. Wanga unapenda maji, unayanywa, unavimba, unalegea. Karatasi nayo inakunywa vyote viwili. Plastiki ya mafuta ya petroli ndiyo inakataa maji, haijali moto wa chips, na bei yake ni ya kutupa. Ndiyo maana kikombe cha karatasi cha kahawa, kile mnabeba mkijiona mmeokoa dunia, ndani mara nyingi kina ngozi nyembamba ya plastiki. Na yale mabakuli ya nyuzi za miwa, mengine yalikuwa yanatiwa kemikali za PFAS ili mafuta yasipenye, kemikali ambazo haziozi kabisa na zinaingia kwa damu ya watu. Marekani, mwezi Februari 2024, mamlaka yao ya chakula na dawa ilitangaza kwamba kemikali hizo za kuzuia mafuta haziuzwi tena kwa pakiti za chakula sokoni kwao. Kwa hivyo unaweza kuwa na bakuli linalooza vizuri na bado linaacha sumu kwa mboji. Kajani hakasemi hayo.

Halafu tuseme umepata kitu kinachooza kweli. Kinaenda wapi? Nairobi jibu ni Dandora, jalala lililoanza miaka ya 1970 na limejaa zamani. Zaidi ya nusu ya taka za jiji hili ni vitu vya kuoza, maganda na mabaki ya chakula, na vikizikwa chini ya taka nyingine bila hewa vinatoa methani, gesi ambayo inapasha dunia joto vibaya kuliko hewa ya ukaa. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inasema tutenganishe taka za kuoza na zisizooza. Aprili 2024 NEMA ikatoa siku 90 watu waache kuweka taka za kuoza kwa mifuko ya plastiki, watumie inayooza. Sawa. Lakini kwa ploti yetu kuna ndoo moja, na mkokoteni mmoja, na kijana mmoja anayeupeleka, na akifika huko anamwaga vyote pamoja. Ukiunda kifaa kinachohitaji kiwanda cha mboji na kiwanda hakuna, umeunda plastiki yenye bei ya juu.

Watu wanaojaribu wapo, na napenda kuwataja kwa sababu hatuwatajagi. Joseph Nguthiru alikuwa mwanafunzi wa uhandisi Egerton waliponaswa na magugumaji Ziwa Naivasha wakiwa kwa mashua. Alianzisha HyaPak: wanachukua yale magugu, wanakausha, wanachanganya na vitu vya kugandisha, wanatengeneza bidhaa za kuchukua nafasi ya plastiki. Mwaka wa 2025 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mazingira ambalo makao yake yako hapa hapa Gigiri, ulimtaja kuwa mmoja wa Vijana Mabingwa wa Dunia. Kilichonivutia zaidi ni moja ya bidhaa zao: mfuko wa miche. Unapanda mche na mfuko wake, mfuko unaozea hapohapo. Unaona akili ya hiyo? Mahali pa kutumia na mahali pa kuoza ni shimo moja. Hakuna haja ya kiwanda wala mkokoteni. Pakiti ya chips haina bahati hiyo.

Ama angalia mwani. Kule Kibuyuni, Kwale, akina mama wanalima mwani baharini, wanaukausha, na mwingi unauzwa nje ukiwa mkavu hivyohivyo. London kuna kampuni, Notpla, inayotumia mwani kupaka ndani ya maboksi ya chakula badala ya plastiki. Ilishinda tuzo ya Earthshot mwaka wa 2022, pauni milioni moja. Mwani wetu unaondoka kwa magunia, na labda siku moja utarudi ukiwa boksi la bei ya dola. Hii inaniudhi kuliko yule wa mauzo, enyewe.

Wiki iliyopita nilifanya kitu cha kijinga, nikasimama kando ya kibanda na simu nikapima muda. Mteja anapewa chips saa ngapi, anamaliza ama anafika nyumbani saa ngapi. Wale wa kula wakitembea walimaliza kabla ya dakika kumi. Wa kubeba nyumbani wengi wanakaa mtaa wa pili, robo saa. Jamaa mmoja wa bodaboda alikuwa anapeleka mbali, hakufika nusu saa. Hiyo ndiyo kazi yote ya kifuko cha mathe. Nusu saa. Kampuni zote zinajaribu kuunda kitu kinachokaa kwa rafu ya supamaketi miezi sita bila unyevu kuingia, halafu ghafla kioze. Hiyo ni hesabu ngumu sana na wacha wanasayansi waendelee nayo, mkate na maziwa zinaihitaji. Lakini kibanda hakiihitaji. Kibanda kinahitaji kitu kinachovumilia nusu saa na kinachooza kwa mtaro wenye nyuzi 20 bila msaada wa mtu yeyote. Na kwa sababu vibanda ndivyo vinavyolisha mtaa, si tungeanzia hapo?

Shosho husema wakati wao ilikuwa jani la mgomba. Ni kweli, na Uganda mpaka leo luwombo inapikwa ndani ya jani la mgomba na hakuna anayeiona kuwa ushamba. Lakini mgomba wa Umoja uko wapi? Na jani bichi linachanika ukilikunja vibaya, lazima ulipitishe motoni kwanza lilainike. Nilimletea mathe majani kumi kutoka soko, akayatumia nusu siku, jioni yalikuwa yamenyauka. Wateja walipiga picha lakini. Mathe pia alianza kupunguza shilingi tano kwa anayekuja na sahani yake, na watoto wa ploti ndio wamechangamkia, wanakuja na mikebe ya shule.

Nilichokazania sasa ni khaki. Nachukua mfuko wa kawaida wa khaki, naupaka ndani ule uji wa wanga kwa brashi, unakauka, halafu juu yake nta ya nyuki iliyoyeyushwa, nyembamba kama pumzi. Wanga unashika mafuta, nta inapunguza mvuke na sosi, khaki inashika umbo. Si uvumbuzi, nta kwa karatasi ni kitu cha zamani sana. Nta inayeyuka karibu nyuzi 62, kwa hivyo chips zinazotoka tu kwa mafuta zinailainisha, inabidi zikae kwa chujio kama dakika mbili kwanza. Mathe huziacha hapo hata hivyo zidondoshe mafuta. Jaribio la nne lilibeba chips na sosi dakika 34 kabla ya doa la kwanza kutokea nje. Kipande chake kiko kwa beseni ya udongo, leo siku ya tisa, na ukungu umeanza pembeni.

Mathe aliushika, akaugeuza, akaunusa. Akauliza bei. Nikamwambia ukihesabu nta, kila mfuko unaongeza shilingi tatu. Akasema shilingi tatu kwa chips za hamsini anaweza kuitafutia njia, ila mfuko upakwe na mtu mwingine, yeye hana mikono mitatu. Halafu akaangalia juu, akaniuliza mvua ikianza, na mteja hana mwavuli, inakuwaje.

Kwa hivyo leo jioni niko nje na ndoo na chujio la chai, nanyeshea chips.